Mnywaji akiota minyama shingoni, mkague hivi, na moyo usiusahau

Kama una mjomba au kaka amekunywa pombe miaka na miaka, na sasa kifungo cha juu cha shati hakifungi ila miguu na mikono chini ya kiwiko bado myembamba vilevile, usimwambie kanenepa. Kuna ugonjwa wa nadra unaitwa Madelung, jina la daktari wa Ujerumani aliyekusanya wagonjwa 33 mwaka 1888. Mafuta yanajaa shingoni, mabegani na mgongoni juu, kulia na kushoto sawasawa. Unawapata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 60, na wengi wao ni wanywaji wa kupindukia.

Anza hivi. Mvue shati kwenye mwanga, simama nyuma yake, shika. Mafuta ya Madelung ni laini, kwa kawaida hayaumi, na yako pande zote mbili. Ukikuta upande mmoja tu, au pagumu, au pamekua haraka, hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa tezi au saratani, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Muulize pia kama nyayo zina ganzi, maana mishipa ya fahamu nayo huguswa.

Sasa moyo, na hapa ndo watu wengi wanapitiliza kwa sababu shingo inaonekana na moyo hauonekani. Pombe nyingi inalegeza msuli wa moyo, unatanuka, unashindwa kusukuma damu. Madaktari wengi wanataja gramu 80 za pombe kwa siku kwa miaka 5 na kuendelea, yaani kama bia nne za nusu lita kila siku, gongo ndo hata huwezi kupima. Muulize analalia mito mingapi ili apumue vizuri, na kama anashtuka usiku akitafuta hewa. Halafu bonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, hesabu mpaka kumi, achia, shimo likibaki huenda ni maji yamejaa kwa sababu moyo unashindwa kusukuma. Shemeji yangu nilimbonyeza hivyo shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa, na yeye alikuwa analalamikia shingo tu jamani!

Hospitali ombeni ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko, ile ultrasaundi ya moyo, na daktari aambiwe ukweli kuhusu pombe, msifiche kwa aibu. Vipimo vya moyo vitangulie kabla ya mtu kuzungumzia kupasua shingo, kwa sababu nusukaputi kwenye moyo dhaifu ni hatari, na shingo ikijaa hivyo hata kumwekea mpira wa kupumulia ni kazi. Diet haiyeyushi mafuta haya, yanatolewa kwa upasuaji au kunyonywa, na mara nyingi yanarudi. Moyo lakini mtu akiacha pombe na kumeza dawa unaweza kupata nafuu kubwa, nimeona.

Ila asiache ghafla peke yake nyumbani!! Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, aache chini ya daktari, apewe na vitamini B1.

Na akianza kupaliwa akimeza, au hawezi kulala chali kwa kukosa hewa, msisubiri kupambazuke, tafuteni gari usiku huohuo, mkalishe wima njia nzima.