Somo: Kufufua saa za pikipiki ya zamani bila kununua dashibodi nzima

Wakuu, leo tunashughulika na pikipiki zenye saa za mishale, yaani za spidi na za mafuta: Honda CG125 na zile za Kichina zilizoiga injini yake, Boxer za zamani, na nyingine za aina hiyo. Za dijitali tuziache. Mshale wa spidi ukilala au geji ya mafuta ikigoma, jibu la haraka kijiweni ni "nunua dashibodi". Ngoja kwanza. Mara nyingi kilichokufa ni waya wa spidi (unaozunguka kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye saa), flota (kipima mafuta chenye boya ndani ya tangi) au maungio ya umeme, na hizo ni spea za bei ndogo. Anza kupima chini, kwenye gurudumu au tangi, ndipo upande juu kwenye saa.

Andaa bisibisi, plaisi, spana, msasa laini, grisi na tesa ya bei rahisi inayopima volti na omu.

Hatua ya 1: Soma dalili kabla ya kufungua chochote

Mshale haupandi na namba za kilomita hazitembei: shuku waya au gia ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kilomita zinatembea lakini mshale umelala: waya ni mzima, ugonjwa uko ndani ya saa. Mshale unapanda ila kilomita zimeganda: angalia gia ndogo za plastiki ndani ya saa, huwa zinakatika meno.

Hatua ya 2: Waya wa spidi

Fungua nati ya waya nyuma ya saa, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono huku ukitazama ncha ya waya wa ndani. Ikizunguka bila kusitasita, waya na habu havina kosa. Isipozunguka, fungua na upande wa chini, uchomoe waya wa ndani wote. Ukitoka vipande viwili, jibu umelipata. Ukitoka mzima, chungulia tundu la habu huku gurudumu linazunguka. Gia ikiwa imesimama, kazi iko huko.

Waya mzima ila mkavu, ufute uchafu kwa mafuta ya taa, uukaushe, upake grisi kidogo theluthi mbili za chini tu. Juu pabaki pakavu. Waya unapozunguka huipandisha grisi taratibu mpaka inaingia kwenye saa, na hapo unakuwa umenunua ugonjwa mwingine.

Hatua ya 3: Saa yenyewe

Ndani ya saa waya unazungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini kisichoigusa, nacho ndicho kimeshika mshale. Sumaku ikizunguka, inazalisha umeme ndani ya alumini na kukivuta kikombe. Springi nyembamba mno inakirudisha nyuma. Grisi ikiingia katikati inavinatisha, na mshale unaruka mpaka mwisho. Kwa hiyo usipulizie mafuta yoyote humo, hata kama fundi anakuambia "kidogo tu". Safisha kwa brashi laini iliyochovywa kwenye spiriti, acha ikauke, na springi usiiguse.

Kupima, ingiza kipande cha waya wa zamani nyuma ya saa, ukisokote haraka kwa vidole. Saa isiyo na kosa itatikisa mshale.

Hatua ya 4: Geji ya mafuta

Washa swichi, chomoa soketi ya flota chini ya tangi, kisha unganisha nyaya mbili za upande wa saa kwa kipande kifupi cha waya. Mshale ukienda upande mmoja, na ukirudi ule mwingine unapoachanisha, saa ni nzima na mbovu ni flota. Zikiwa nyaya tatu, moja kwa kawaida ni ya taa ya akiba, iache. Cheche na petroli havikai pamoja, kwa hiyo fanyia uwanjani, mbali na sigara na jiko.

Mwaga petroli, toa flota, pima omu huku ukiinua mkono wake polepole. Namba zibadilike taratibu. Zikiruka au kupotea katikati, safisha njia ya mguso kwa spiriti na ukunje kidogo ulimi wake ubane. Tikisa na boya: ukisikia petroli ndani, limetoboka. Usilichomee solda, mvuke wake unalipuka. Badilisha.

Hatua ya 5: Ethi na chaji

Saa na taa zote zikicheza pamoja, usihangaike na saa moja moja. Kwangua kutu kwenye waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi), kisha pima betri huku injini inawaka na umevuta gesi kidogo: karibu volti 14 ni sawa. Ikivuka 15, regileta (kidhibiti cha chaji) ni mbovu na itakuunguzia balbu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mshale unatetemeka kwenye spidi ndogo halafu unatulia. Saa imechoka?
Hapana, anza na waya. Ni mkavu au umepindwa sana karibu na shoo (shokapu ya mbele). Pake grisi, upitishe kwa mkunjo mpana.

Geji yangu inaonyesha limejaa hata tangi likiwa kavu.
Chomoa soketi ya flota. Mshale ukianguka, flota imekwama juu au waya wake umechubuka unagusa bodi. Usipoanguka, fuata waya mpaka kwenye saa.

Nimepata saa ya mtumba ya pikipiki nyingine, inaingia vizuri. Nifunge?
Kuingia si kusoma sawasawa. Uwiano wa gia za habu na ukubwa wa tairi hutofautiana. Ilinganishe na GPS ya simu kwenye mwendo usiobadilika, mwenzio akiwa ndiye anayeishika simu. Saa kuzidisha kidogo ni kawaida. Ikionyesha pungufu, irudishe. Andika pia kilomita za saa ya zamani, maana siku ya kuuza mnunuzi ana haki ya kuzijua.

Fundi kanishauri niukate waya kabisa, eti bodaboda haihitaji spidi.
Na oili utabadilisha kwa kufuata kilomita zipi? Tena tundu la habu likibaki wazi linaingiza maji na vumbi.

Kila nikiziba pancha ya mbele, spidi inakufa. Kwa nini?
Ndani ya kikombe cha gia ya spidi, kilichopo kwenye habu ya mbele, kuna masikio mawili yanayotakiwa kukaa kwenye mapengo ya habu. Ukirudisha gurudumu yakiwa hayajaingia, ukakaza ekseli, yanapondeka. Zungusha kikombe kwa mkono mpaka kizame chenyewe, hakikisha na kizuizi chake kimekaa kwenye shoo, ndipo ukaze.