Kujifunza Kuendesha Gari la Gia za Mkono Kwenye Miinuko ya Kigoma

Barabara ya Lumumba huanzia karibu na stesheni ya reli, hatua chache kutoka ziwani, na kupanda hadi Mwanga. Mwanafunzi aliyejifunza uwanjani tu, akilazimika kusimama katikati ya mwinuko huo huku bajaji mbili zikiwa zimemkaribia kwa nyuma, ndipo hugundua kwamba nusu ya kazi bado hajafundishwa. Nimefundisha udereva hapa mjini kwa miaka kadhaa, na nimeshawishika kwamba tatizo kubwa la wanafunzi wetu halimo mkononi wala kwenye usukani, bali limo katika mguu wa kushoto, ule unaokanyaga klachi, ambao haukupewa muda wa kujifunza peke yake. Mwongozo huu umepangwa kwa kuutanguliza mguu huo.

Kabla ya yote, hakikisha una leseni ya kujifunzia, umetimiza miaka 18, gari lina alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yako ameketi mtu mwenye leseni halali ya aina ya gari mnaloendesha.

Hatua ya kwanza: elewa klachi inafanya nini

Injini ikishawaka haiachi kuzunguka. Hata gari likiwa limesimama, injini nyingi za petroli huzunguka kati ya mara 700 na 900 kwa dakika, ilhali magurudumu hayazunguki kabisa. Klachi ndiyo inayovikutanisha vitu hivi viwili visivyolingana mwendo. Ndani yake mna klachi pleti, yaani kisahani cha kusuguana, iliyobanwa na presha pleti dhidi ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Unapokanyaga pedeli, mbano huo huachia na injini huzunguka bila kuigusa giaboksi, yaani sanduku la gia. Unapoinua mguu, pleti huanza kusuguana na flaiwili, ikishika kidogo na kuteleza kidogo, hadi zote mbili zizunguke pamoja.

Kipindi hicho kifupi cha kusuguana ndicho unachojifunza kukitawala. Ukikiruka kwa kuinua mguu ghafla, injini hulazimishwa kwenda kwa mwendo wa magurudumu yaliyosimama, gari huruka mbele na kuzimika. Ukikirefusha kupita kiasi, pleti hupata moto na utasikia harufu kali ya kuungua. Mwanafunzi anayeijua sababu hii hujirekebisha mwenyewe. Asiyeijua husubiri kukemewa na mwalimu.

Hatua ya pili: kaa mahali panapofaa

Sogeza kiti hadi uweze kuikanyaga klachi mpaka mwisho huku goti la kushoto likibaki limekunjika kidogo. Vua ndala, ni hatari, kwa sababu hukwama chini ya pedeli. Rekebisha vioo vyote vitatu kabla ya kuwasha gari.

Hatua ya tatu: zoea gia injini ikiwa imezimwa

Kanyaga klachi, kisha tembeza mkono wa kushoto kutoka frii, yaani mahali pasipo na gia yoyote, kwenda gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, bila kuangalia chini. Ukisukuma kwenda ya kwanza na ya pili, elekeza kiganja kidogo upande wako wa kushoto. Ukienda ya tatu na ya nne, acha kirungu cha gia kirudi katikati chenyewe, kwa kuwa springi zake ndizo zinazokileta hapo. Mahali pa rivasi hutofautiana: katika pikapu nyingi za Toyota zenye gia tano hukaa chini upande wa kulia, mkabala na gia ya tano, ilhali magari mengine hutaka uinue pete au ubonyeze kirungu kwanza. Angalia mchoro ulio juu ya kirungu cha gari lako. Dakika 15 za zoezi hili zinatosha.

Hatua ya nne: ondoa gari bila kugusa mafuta

Hii ndiyo hatua ambayo walimu wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili siku nzima. Tafuta eneo tambarare lisilo na watoto wala mifugo. Washa gari, kanyaga klachi na breki, weka gia ya kwanza, kisha achia breki huku klachi ikiwa bado chini kabisa. Mguu wa kulia uutoe kwenye pedeli zote na kuuweka sakafuni.

Sasa inua klachi polepole kama mtu anayeinua mfuniko wa chungu kilichojaa. Kwa sehemu kubwa ya safari ya pedeli hakuna kitakachotokea. Kisha mlio wa injini utashuka na kuwa mzito, usukani utatetemeka kidogo, na gari litaanza kuvuta. Hapo ndipo klachi inaposhika. Usiinue zaidi, tuliza mguu hapo hapo, uhesabu moja, mbili, tatu, gari lianze kutembea lenyewe, ndipo uachie sehemu iliyobaki. Kanyaga klachi tena, kanyaga breki, simama, rudia. Gari la dizeli husamehe zaidi katika zoezi hili, kwa kuwa injini yake ina nguvu ya kutosha hata ikizunguka taratibu. La petroli lenye injini ndogo hudai utulivu mkubwa zaidi.

Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa Kibirizi alikuja kwangu akiwa tayari ameshakata tamaa, kwa sababu aliyemfundisha mwanzo alimwambia kila mara, “Ongeza mafuta!” Gari lilikuwa likinguruma na kuruka, naye akaliogopa. Nilimwomba, “Mama, leo mafuta hatuyagusi kabisa.” Baada ya kuliondoa gari zaidi ya mara 40 bila mafuta, aliniambia, “Mwalimu, sasa nalisikia likishika.” Kusikia huko ndiko ninakokutafuta kwa kila mwanafunzi, na simruhusu kuendelea kabla hajakupata.

Hatua ya tano: ongeza mafuta na badili gia

Ukishapajua mahali klachi inaposhika, ongeza mafuta kidogo kabla mguu haujafika hapo, ili gari liondoke kwa nguvu zaidi. Unapobadili gia, achia mafuta, kanyaga klachi hadi mwisho, hamisha gia, inua klachi kwa utulivu, rudisha mafuta. Katika gari dogo, gia ya pili huingia vizuri kwenye kilomita 10 hadi 15 kwa saa, ya tatu karibu na 30, ya nne kuanzia 45 hivi. Lakini jifunze kuusikiliza mlio kuliko kuutazama mshale wa spidi, kwa sababu gari lililobeba madumu ya mawese hudai gia ndogo kuliko lilivyodai likiwa tupu. Kumbuka pia kwamba ndani ya makazi sheria inakomea kilomita 50 kwa saa.

Baada ya kubadili gia, ondoa mguu kwenye klachi kabisa. Mguu unaopumzishwa juu ya pedeli, hata kwa uzito mdogo, huilazimisha rilizi beringi, yaani beringi inayoachia mbano wa klachi, kufanya kazi muda wote na huipunguzia pleti mbano. Mimi mwenyewe niliumaliza uhai wa klachi ya pikapu ya kuazima kwa kosa hilo nilipokuwa mwanafunzi, na gharama ya kushusha giaboksi naikumbuka mpaka leo.

Hatua ya sita: ondoka kwenye mwinuko

Anza na mwinuko mdogo, asubuhi, kabla barabara haijajaa bodaboda. Simamisha gari kwa breki ya mguu, kisha vuta hendibreki hadi mwisho na uweke gia ya kwanza klachi ikiwa chini. Hamishia mguu wa kulia kwenye mafuta na ukanyage hadi injini ivume kwa kiasi, karibu mizunguko 1500 kwa dakika, uitulize hapo. Inua klachi mpaka mlio ushuke na uone pua ya gari ikiinuka kidogo, au uhisi mgongo wake ukikaa chini ikiwa gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma.

Wakati huu miguu yote miwili isimame. Wanafunzi wengi huachia hendibreki na klachi kwa pamoja, na hapo ndipo injini huzimika. Achia hendibreki peke yake, taratibu, huku kidole gumba kikiendelea kubonyeza kitufe ili uweze kuivuta tena. Klachi ikiwa imeshika vya kutosha, gari halitarudi hata inchi moja. Likianza kurudi, vuta hendibreki na uanze upya. Usijaribu kuliokoa kwa kukanyaga mafuta mengi. Likitulia, ongeza mafuta kidogo na umalizie kuinua klachi.

Usiigeuze klachi kuwa breki. Foleni ikisimama mbele yako, rudi kwenye hendibreki na frii, kwa sababu kulishikilia gari mlimani kwa klachi iliyoshika nusu huichoma pleti haraka kuliko kosa lingine lolote. Masika yakianza na barabara za pembeni zikawa tope jekundu, punguza mafuta wakati wa kuondoka, la sivyo magurudumu yatazunguka bila kusogea.

Hatua ya saba: teremka na uegeshe

Unaporudi kutoka Mwanga kuelekea stesheni, tumia gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, kwa kawaida ya pili au ya tatu, ili injini ilizuie gari. Kuna madereva wanaoweka frii wakiamini wanabana mafuta. Katika injini za sasa zenye mfumo wa kielektroniki, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, mfumo hukata mafuta yasiingie kabisa. Kwenye frii injini huendelea kuyatumia, na mzigo wote huziangukia breki, ambazo zikipata moto hupoteza uwezo wa kushika. Kuzima injini mtelemkoni ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa pedeli ya breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani nao huwa mzito.

Ukiegesha gari likitazama juu, liache kwenye gia ya kwanza. Likitazama chini, liache kwenye rivasi, hendibreki ikiwa imevutwa katika hali zote mbili, na magurudumu ya mbele yakiwa yamegeuzwa ili gari likiponyoka lielekee ukingoni, mbali na barabara. Kwa gari lenye mzigo, weka jiwe kubwa upande wa chini wa gurudumu la nyuma, na ukiondoka lisogeze pembeni mwenyewe, kwa maana bodaboda anayepita hapo usiku hataliona.