Somo: Kutoa seli za saratani kwenye damu na kuziotesha zikiwa hai

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza kwa nini seli zenu hufa kabla wiki haijaisha. Mara nyingi zilikufa ndani ya kichupa, kabla hamjazigusa. Ndiyo maana hatua ya kwanza nitaikalia kuliko zote.

Mililita moja ya damu ina seli nyekundu kama bilioni 5 na nyeupe mamilioni. Za saratani, hata kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeshasambaa, mara nyingi ni za kuhesabu kwa vidole. Mashine ya CellSearch, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, hupima mililita 7.5; kwa saratani ya matiti iliyosambaa, kukuta seli 5 tu ni dalili mbaya.

1. Damu. Mgonjwa aelezwe, aelewe, atie sahihi. Kichupa cha kwanza kipelekeni kwenye vipimo vingine, maana sindano ikipenya huchukua seli za ngozi, nazo zina keratini (protini ya seli za ngozi na za kuta za viungo) kama hizo mnazozitafuta. Kinachofuata kiwe cha EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), chenye kifuniko cha zambarau. Msitumie vichupa vya CellSave: dawa iliyomo hutunza umbo la seli hadi saa 96 ili zihesabiwe, lakini seli yenyewe haioti tena. Kigeuzeni taratibu, msikitikise, msikiweke kwenye barafu. Mimi sipitishi muda wa saa nne tangu damu itolewe. Niliwahi kupokea damu iliyoshinda juani kwenye pikipiki, na iliniuma sana, kwa sababu mama aliyeitoa alikuwa dhaifu na sikuweza kumwomba nyingine.

2. Kuondoa seli nyeupe. Wengi hukimbilia kuzivua seli za saratani kwa sumaku yenye kingamwili ya EpCAM, protini iliyo juu ya seli hizo. Naona ni afadhali kuwaondoa wenyeji ili mgeni abaki, kwa kuwa baadhi ya seli za saratani zikitoka kwenye uvimbe hupoteza EpCAM, na ndoano hiyo haizipati. Wekeni RosetteSep (mchanganyiko wa kingamwili) mikrolita 50 kwa kila mililita ya damu, dakika 20, joto la chumba. Huzifunga nyeupe kwenye nyekundu, zikazama pamoja. Ongezeni bafa (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kiasi sawa na damu, mimineni polepole juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli), kisha zungusheni kwenye sentrifuji bila breki. Vuteni kwa pipeti ukungu ulio katikati.

3. Kuhakiki. Sehemu ndogo tu ipakwe rangi: iwe na kiini, iwe na keratini, isiwe na CD45, alama ya seli nyeupe.

4. Kuotesha. Sahani isiyonasa seli, RPMI 1640 (maji ya lishe ya seli), B27 (virutubisho), na vichocheo vya ukuaji EGF na bFGF nanogramu 20 kwa mililita kila kimoja. Ziwe kwenye inkubeta (kabati la joto), nyuzi 37, oksijeni asilimia 4. Zitaelea kwa vishada. Msizisumbue kila siku.

MASWALI

*Mwalimu, zangu zimejaa sahani kwa siku tano na zimeshika chini. Nishangilie?*
Bado, mdogo wangu. Zinazoshika chini haraka hivyo huwa makrofaji au seli za kuta za mishipa. Pima CD45 na keratini, halafu linganisha mabadiliko ya jeni na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Yasipofanana, si zake.

*Inkubeta yetu haipunguzi oksijeni. Tufanyeje?*
Tafuteni kisanduku kinachofungwa kabisa, kijazeni gesi iliyochanganywa tayari, kisha kiingizeni ndani ya inkubeta. Kila mkikifungua, jazeni upya.

*Shikamoo daktari. Dada yangu ana saratani ya matiti. Seli zake zinaweza kuoteshwa ili achaguliwe dawa?*
Marahaba, mwanangu, pole sana. Kwa sasa hii ni kazi ya utafiti. Huko Boston, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, walipata seli za kudumu kwa wagonjwa 6 kati ya 36, na huchukua miezi. Dada yako asisubiri. Muulize daktari wake majibu ya ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini ya ukuaji) ya kinyama alichotolewa. Hayo ndiyo yanayochagua dawa leo.