Namna ya Kusafiri kwa Kampavani New Zealand Bila Kupanga Mapema

Mtu anayejikuta New Zealand kwa shughuli nyingine, iwe mkutano au harusi ya ndugu, kisha akabakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi, hana sababu ya kuzimalizia hotelini. Mimi nilitumwa Christchurch ghafla kushika nafasi ya mwenzangu wa kazini aliyeugua, na shughuli ilipokwisha nikachukua kampavani, yaani gari dogo lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndani yake. Sikuwahi kudhani kwamba kulala garini kunaweza kuwa raha, na leo hakuna namna ya kusafiri ninayoipenda kuliko hiyo. Safari ya aina hii inamruhusu mtu asipange njia, lakini haimruhusu asijue kanuni, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Visa ndiyo isiyoweza kufanywa papo kwa papo. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo hawana budi kuipata kabla ya kuondoka nyumbani, ilhali wenye pasipoti za Oman, Falme za Kiarabu au Uingereza huhitaji kibali cha kielektroniki tu. Leseni ya udereva ikiwa haikuandikwa kwa Kiingereza, kama ile ya Kongo iliyo kwa Kifaransa, lazima iambatane na tafsiri inayokubalika, kwa hiyo anayetoka huko na aifanye mapema hata kama hana hakika kwamba ataendesha. Waliojifunza udereva Dar es Salaam, Nairobi au Kampala watajiona wako nyumbani, maana usukani uko kulia na magari hupita kushoto.

Njia nafuu kuliko zote ya kupata gari ni ile ambayo watalii wengi hawaijui. Wageni wengi hutua Auckland, huendesha kuelekea kusini na kulirudisha gari Christchurch au Queenstown, na matokeo yake magari hurundikana kusini huku yakihitajika kaskazini. Makampuni ya kukodisha hutafuta watu wa kuyarudisha, na kwa kazi hiyo hutoza ada ndogo sana kwa siku, wakati mwingine dola moja tu, na mara nyingine hulipia hata feri ya kuvuka kutoka Kisiwa cha Kusini hadi cha Kaskazini au tangi moja la mafuta. Sharti ni kwamba siku za kulifikisha gari ni chache na tarehe hazibadiliki, jambo ambalo kwa mwenye safari iliyopangwa ni usumbufu, lakini kwa asiye na mpango ni bahati. Kabla ya kutia saini, uliza mambo mawili: bima inafidia nini, na kama gari la dizeli litatozwa ushuru wa barabara kwa kila kilomita, kwa kuwa nchini humo ushuru huo haumo katika bei ya dizeli, na madereva wengi hukutana nao wakati wa kurudisha gari.

Kuhusu mahali pa kulala, sheria ni kali, na ina haki ya kuwa kali, kwa sababu miji midogo iliyokuwa ikiwakaribisha wasafiri kwa moyo mweupe iliishia kusafisha uchafu wao ufukweni. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu kupiga kambi bila malipo ilikazwa mwaka 2023, na sasa gari la kulala kwenye maeneo ya halmashauri lazima liwe na cheti cha kujitosheleza, yaani uthibitisho kwamba lina maji yake na hubeba uchafu wake, pamoja na choo kilichofungwa ndani, si cha kubebeka. Hakikisha stika ya kijani ya cheti hicho iko kwenye kioo kabla hujaondoka yadi. Hata ukiwa nayo, soma bango la kila sehemu, kwa kuwa halmashauri huweza kukataza eneo fulani au kuweka kikomo cha usiku mmoja, na faini yake ni mamia ya dola. Ninachopendelea mimi ni viwanja vya Idara ya Uhifadhi, ambavyo ni zaidi ya 200 nchi nzima: vile vya kawaida kabisa huwa na choo cha shimo na bomba la maji au mto wa karibu, havina taa wala kelele, na asubuhi mtu hufungua mlango akakutana na ziwa au msitu. Kila baada ya usiku mbili au tatu, lala kwenye kambi ya kulipia yenye umeme, uoge maji moto, ufue, na uchaji betri.

Betri inahitaji maelezo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama usiku wa kwanza. Gari huwa na betri mbili: moja ya kuwashia injini na nyingine ya matumizi ya ndani, ambayo huendesha taa, pampu ya maji na friji, nayo hujichaji gari likiwa katika mwendo. Soketi za ukutani hazifanyi kazi mpaka uunganishe waya wa umeme wa kambini, kwa hiyo birika la umeme halitakufaa porini, na chai itachemshwa kwenye gesi. Unapopika, acha dirisha wazi hata kukiwa na baridi, maana hewa ya sumu itokanayo na moto haina harufu, na usithubutu kulitumia jiko kupashia gari joto.

Maji nayo yana utaratibu wake. Kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya sinki, na tangi la choo, ambalo huchomolewa kupitia mlango mdogo ulio ubavuni mwa gari. Tangi hili humwagwa kwenye vituo maalumu tu, ambavyo vingi ni bure na huonyeshwa kwenye programu za simu kama CamperMate. Vaa glavu, zungusha mdomo wa tangi utoke nje, fungua kifuniko, kisha mimina taratibu huku umebonyeza kitufe cha kuingiza hewa ili maji machafu yasiruke. Suuza kwa bomba la pale, tia dawa na maji kidogo, urudishe. Bomba hilo la kusuuzia lisiguse kamwe tangi la maji ya kunywa. Maji safi huchotwa kwenye bomba lake, ambalo huwa limeandikwa wazi. Kazi nzima haichukui muda mrefu, na anayeifanya kila baada ya siku mbili hataona kinyaa.

Usiendeshe mbali. Ramani inaweza kuonyesha mwendo wa saa tatu, lakini barabara za Kisiwa cha Kusini ni nyembamba na zina kona nyingi, na kwenye madaraja ya njia moja anayekutana na alama ya duara jekundu ndiye anayempisha mwenzake. Upepo husukuma gari lenye kimo kirefu, na foleni ikijipanga nyuma yako, ingia pembeni uwapishe. Atakayelirudisha gari Christchurch palepale na aende Ziwa Tekapo, mwendo wa takribani kilomita 230, kisha afuate barabara namba 80 kando ya Ziwa Pukaki, ambalo maji yake yana rangi ya samawati isiyo ya kawaida kwa sababu ya unga wa mawe uliosagwa na barafu. Mwisho wa barabara uko uwanja wa kambi wa White Horse Hill, chini ya mlima Aoraki wenye mita 3,724. Ndipo nilipoipenda safari hii: chakula kikiwa jikoni, nyota zimejaa mpaka kwenye ukingo wa milima, na hakuna mtu wa kuniuliza kesho naelekea wapi. Mwezi Juni hadi Agosti baridi huko hushuka chini ya sifuri, basi chukua blanketi la ziada na uulize kuhusu minyororo ya matairi ya kuzuia kuteleza kwenye theluji. Pwani ya magharibi ni nzuri vilevile, ila usubi wake huuma vibaya, na milango isiachwe wazi jioni.

Anayepeleka gari kaskazini atapita Kaikōura, ambako tetemeko la Novemba 2016 liliifunga barabara kuu mpaka Desemba 2017, na leo sili, wanyama wa baharini, huonekana wakiota jua juu ya mawe chini ya barabara. Feri ya kutoka Picton hadi Wellington huchukua kama saa tatu na nusu. Unapokata tiketi taja urefu halisi wa gari, kwa kuwa nauli hufuata urefu huo, na kabla ya kupakia funga valvu ya mtungi wa gesi. Kutoka Wellington hadi Auckland ni kama kilomita 640, na ni busara kuzigawa kwa siku mbili. Siku ya kurudisha gari, mwaga matangi yote, jaza dizeli kituo kilicho karibu na yadi, fagia ndani, kisha piga picha kila upande wa gari pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita.