Kupiga Picha za Mandhari Majini kwa Mtindo wa Kiimpreshoni: Mfano wa Ziwa Duluti

Somo hili linahusu picha ambayo mada yake ni taswira iliyomo majini, wala si mlima au miti yenyewe. Claude Monet, mchoraji wa mtindo wa Kiimpreshoni (unaojali mwanga na rangi kuliko maumbo kamili), aliyechora bwawa la bustani yake huko Giverny, Ufaransa, kwa miaka mingi, mara nyingi aliuacha nje ukingo pamoja na upeo wa macho, mtazamaji akabaki na mawingu na matawi yaliyovunjwavunjwa na maji. Nitatumia Ziwa Duluti, lililoko Tengeru karibu na Arusha, kwa sababu ni ziwa la kreta (shimo la volkano) lililozungukwa na msitu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali, na kwa maoni yangu hapo ndipo picha inapopatikana au kupotea. Tafuta maji yaliyo kivulini yanayoakisi kitu kilicho juani. Maji yanayopigwa na jua moja kwa moja huonyesha tope na majani yaliyozama, na rangi za taswira hufifia. Yaliyo kivulini hubaki meusi, na rangi za ng'ambo hukolea juu yake. Kwa hiyo fika mapema asubuhi, usimame upande wa mashariki ukitazama magharibi, ambapo jua huanza kuiangaza miti ya ng'ambo huku maji yaliyo mbele yako yangali katika kivuli cha ukingo na msitu ulio nyuma yako.

Pili, shusha kamera. Maji yakitazamwa kutoka juu kabisa huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga, na kiasi hicho huongezeka kadiri unavyoyatazama kwa mlalo. Lenzi ndefu, tuseme ya milimita 200, itakusaidia kukata ukingo.

Tatu, amua nini kiwe wazi. Ukitaka taswira ya miti iwe kali, weka fokasi kwa umbali wa miti yenyewe kupitia majini, si kwa umbali wa uso wa maji. Mimi hupendelea kuiweka kwenye viwimbi na kufungua tundu la lenzi, ili miti ilainike.

Nne ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia. Kwa 1/250 ya sekunde viwimbi huganda na kuonekana kama mapigo ya brashi. Kwa 1/4, ukiisogeza kamera taratibu juu na chini kufuata mashina, rangi huchanganyika. Tumia ISO 100 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga), na usubiri upepo mwepesi, kwani maji yaliyotulia kabisa hutoa nakala tu ya msitu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, filta ya polaraiza inafaa?*
Filta hiyo ni kioo cha kuweka mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao; itumie kwa uangalifu, ndugu yangu. Ukiyatazama maji kwa pembe ya karibu digrii 37 kutoka usawa wake, filta hiyo inaweza kuifuta taswira karibu yote. Izungushe ukiangalia, na ikikusumbua uivue.

*Nina simu tu. Nifanyeje?*
Gusa na ushikilie kidole kwenye taswira ili fokasi na mwanga vifungwe, kisha upunguze mwanga kidogo. Hatua ya kwanza na ya pili hazibadiliki.

*Je, ni halali kuigeuza picha juu chini?*
Ni halali, na mara nyingi inapendeza, kwa kuwa miti husimama wima huku mashina yakitetemeka. Kwa picha ya mashindano, soma kwanza masharti yake kuhusu uhariri.