Mshahara ukiwahi Desemba: ninavyopanga chakula cha sikukuu nyumbani

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni. Kazini hakitoki hata kisado cha maharage bila kuandikwa, na tabia hiyo nimehamia nayo mpaka jikoni kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma. Baba watoto huicheka leja yangu inayoning'inia nyuma ya mlango, lakini ikifika katikati ya Januari anaisoma mwenyewe kabla hajaomba chai ya pili.

Kabla ya kuandika pilau, hesabu siku. Mshahara wa Desemba mara nyingi unawahi ili watu wale sikukuu wakiwa na kitu mfukoni. Ule wa Januari hauwahi. Ukiupokea tarehe 20 na mwingine ukaja tarehe 24 ya mwezi unaofuata, una wiki tano mbele yako, na ndani yake kuna Krismasi, siku ya pili yake, Mwaka Mpya na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Hizo ni siku nne ambazo nyumba nzima imelala mpaka saa tatu na ikiamka inataka chai yenye kitafunwa. Kwa hiyo mimi sina bajeti ya Krismasi. Nina bajeti ya wiki tano, na Krismasi ni mlo mmoja humo ndani, wenye nyama nyingi.

Kinachomaliza hela, kwa ninavyoona kwenye leja, ni shule kufungwa. Watoto waliokuwa wanakunywa uji na kula makande shuleni sasa wanakula kwako asubuhi, saa nne, saa saba, na saa kumi wanafungua sufuria kuangalia kama kuna kiporo. Pilau ya tarehe 25 kila mtu anaipangia. Mlo wa mchana wa tarehe 29 haupangiwi na mtu.

Anza na unga. Mtu mzima anayefanya kazi hula ugali wa karibu robo kilo ya unga kwa mlo, mtoto pungufu yake. Kwangu tuko wanane, wanne watoto, na kilo moja na nusu inatutosha kwa mlo mmoja. Tunakula ugali mara moja kwa siku, mlo mwingine ni wali, makande au viazi. Kwa siku 35 hizo ni kilo 52 na nusu. Debe la mahindi lina kama kilo 17, maana gunia la kilo 100 hutoa karibu madebe sita, hivyo madebe matatu ya dona yananifikisha ukingoni. Ukipenda sembe, nunua debe la nne, kwa sababu kinu kikishakoboa, karibu robo ya mzigo imekuwa pumba. Dona nayo usiisage yote kwa mpigo. Kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wake ukikaa muda unaanza kuchacha. Peleka mashineni debe moja moja.

Mahindi nunua Novemba, ukichelewa sana wiki ya kwanza ya Desemba. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja: tunapanda Desemba, tunavuna baada ya masika. Sikukuu inakuta ghala zinapungua, na mwenye gunia analijua hilo kuliko wewe. Wenye nafasi huungana majirani watatu wanne wakafuata mzigo soko la Kibaigwa. Mimi huwa naishia Majengo au soko la Job Ndugai, ila siendi na haraka.

Sokoni naangalia vitu viwili. Cha kwanza ni punje: naiuma. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea kama mkate, haijakauka, na ukiifungia ndani mvua hizi utafungua ukungu. Cha pili ni kisado. Hapa nawaomba akina mama wenzangu muwe wakali bila aibu. Kabla mahindi au maharage hayajamwagwa, kichukue kisado mkononi, kitazame ndani. Kuna vilivyopashwa moto kitako kikasukumwa kuingia juu, kwa nje kinang'aa, kwa ndani kina kilima. Pitisha vidole. Halafu angalia mkono wa muuzaji: anamwaga polepole kwa pembeni ili punje zisimame zikiacha nafasi, au anajaza na kutikisa? Mwambie, "Kaka, tikisa kidogo." Akikataa, sema basi tupime kwa mzani, na kama mzani hana, meza ya pili iko hatua mbili. Kisado kimoja hakikuumizi. Ukinunua maharage ya wiki tano, karanga na mchele kwa kisado hichohicho, umeshaacha mlo mzima sokoni.

Mchele wa Krismasi na wa siku za kawaida usiwe mmoja. Nanunua kilo tano nzuri za Bahi, nazifungia kwenye ndoo, naandika juu "wageni". Wa kawaida unakaa kwenye ndoo nyingine. Bila hivyo ule mzuri utaliwa na maharage tarehe 22 na hakuna atakayekumbuka kuusifia.

Pumba za mahindi, kwa wanaokoboa, wapeni kuku. Kuku wa kienyeji bei yake hupanda kadiri tarehe 24 inavyosogea, na siku yenyewe utauziwa mtetea aliyechoka kwa bei ya jogoo. Nunua mapema, mlishe pumba na mabaki. Hatari ni moja, ugonjwa wa kideri. Kuku wa mnadani akiingia nao bandani, ndani ya wiki unaweza kuwa unafukia. Chanjo yake ni tone moja jichoni, lakini haifanyi kazi siku ileile, kwa hiyo mpigie mtaalamu wa mifugo mapema na waliopo bandani wachanjwe kabla mgeni hajafika. Huyo mgeni mfungie pembeni kwanza.

Nyama nyekundu tunachanga. Kaya nne, mbuzi mmoja, mnada wa Msalato. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito huo, hivyo kila nyumba inapata kilo tatu hivi, na ukilinganisha na buchani wiki ile ya sikukuu utaona mwenyewe. Ugomvi huwa hauko kwenye nyama, uko kwenye kichwa, miguu na utumbo. Kubalianeni kabla kisu hakijatoka. Sisi vyote vinaingia kwenye sufuria moja ya supu, inanywewa palepale asubuhi, na mwenye nyumba ya kuchinjia anabaki na ngozi. Shemeji yangu hupinga kila mwaka na kila mwaka anakunywa bakuli mbili.

Viungo vya pilau nunua vizima: binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Kaanga kidogo, twanga mwenyewe. Kijiko kimoja cha hivyo kinashinda pakiti mbili za unga uliokaa dukani tangu Pasaka. Vitunguu chagua vyenye shingo iliyokauka na uvitundike kwenye neti penye hewa. Nyanya zinaharibika na mvua inazipandisha bei, kwa hiyo nanunua zilizonona siku ya bei nzuri, nazisaga na kuzichemsha mpaka maji yaishe, kisha nazifunga vifuko vidogovidogo kwa jirani mwenye friza.

Mafuta ni mwizi. Nanunua dumu la lita tano la alizeti, halafu kwa kalamu ya wino mzito nachora mistari ubavuni: wiki ya kwanza mpaka hapa, ya pili mpaka hapa. Wiki ya Krismasi naipa nafasi pana, za Januari nyembamba. Mstari ukifikiwa Alhamisi, mpaka Jumapili tunakula vya kuchemsha. Binti yangu wa pili alibisha sana mwanzoni. Siku hizi ndiye anayewafokea wenzake wanaomimina bila kupima.

Vinywaji visikusumbue. Kreti la soda lina chupa 24, na kama huna chupa tupu utalipia na chupa. Nanunua moja, ya mchana wa tarehe 25 tu. Siku nyingine zote ni ubuyu au ukwaju, na Dodoma ubuyu si wa kutafuta kwa tochi. Maembe pia yapo.

Wageni sasa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ndugu wa Dar es Salaam hawatoi tena taarifa wiki nzima kabla. Anapiga simu asubuhi, jioni yuko getini na watoto watatu. Siwalaumu, ila nimejifunza kusema mapema. Mwanzoni mwa Desemba naandika kwenye kundi la familia: wanaokuja wanijulishe kwa idadi, na waje na nazi na samaki wakavu, kwa kuwa huko kwao vinapatikana kirahisi kuliko hapa. Mama mkwe simwambii alete kitu, lakini hajawahi kuja kutoka Singida bila mafuta na kuku.

Hela yenyewe naigawa siku ileile ya mshahara. Kwanza natenga ya shule. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari ni vyako, na ukisema utavinunua kwa kitakachobaki, hakitabaki. Kama una shamba, tenga na mbegu, maana mvua haisubiri mtu amalize kula pilau. Kinachobaki ndicho cha chakula, na nakigawa kwenye bahasha tano zenye tarehe. Ya Krismasi ni nene, sikatai. Natoa yote kwa wakala mara moja, kwa sababu ukitoa elfu kumi kumi kwenye simu, makato ya mwezi yanafika bei ya kilo ya nyama.

Tarehe 2 Januari nafungua leja na kupima kilichopo: unga kilo ngapi, mafuta mstari gani, maharage visado vingapi. Nikiona pengo, narekebisha siku hiyohiyo. Chai inakuwa ya rangi, mkate unakuwa kiazi kitamu au uji wa uwele, nyama inasubiri. Mboga hazina shida kipindi hicho, kwani mvua ikishapiga mara mbili tatu mlenda unaota wenyewe pembeni mwa mashamba na majani ya kunde yanaanza kuchumika. Watoto wanachuma, mimi natwanga karanga za kuungia, na bahasha ya wiki hiyo naiingiza kwenye ya mwisho, ambayo ndiyo huwa nyembamba kuliko zote.