Kutengeneza vibao vya hewa vya dashibodi kwenye gari kuukuu

Gari la zamani likiingia kwenye gereji yangu hapa Mtwara, matundu ya hewa ya dashibodi, yenye vibao vyembamba vya kuelekeza upepo, ndiyo hutajwa mwisho. Mteja atasema kabureta, atasema bushi, kisha akiwa anaondoka anakumbuka: "Fundi, na hivi vibao vya upepo vimelegea, vitie gundi tu." Hapana, mzee wangu. Gundi tupu ndiyo iliyonirudishia gari moja mara tatu kwa tatizo lile lile. Kibao chenyewe huwa kizima. Kinachovunjika ni kijino cha pembeni kinachokaa kwenye tundu la fremu. Gundi haiwezi kushika kitu chembamba kama njiti ya kibiriti halafu kizungushwe kila siku. Inahitaji waya ndani.

Mfano wangu ni Corolla KE70 ya mkulima mmoja wa korosho kutoka Newala. Corolla za umbo hili zilianza kutoka Japani mwaka 1979, kwa hiyo dashibodi yake imeshapigwa jua kwa miongo kadhaa. Jua likizidi, plastiki hukauka mpaka ikakosa unyumbufu, inakatika kama kisheti. Datsun, Peugeot 504 au Mercedes W123, kazi ni ile ile; hutofautiana namna fremu inavyotoka.

Tafuta bisibisi, tochi, mswaki mkuukuu, msasa namba 400, supaglu, grisi ya silikoni, biti ya drili ya milimita 1.5, na kipande cha waya wa shaba wa taa za nyumbani, ule unaoitwa "moja nukta tano". Hiyo 1.5 ni milimita za mraba za mkato wake. Unene wa shaba yenyewe, bila ganda, ni kama milimita 1.4, unaingia vizuri kwenye tundu la biti hiyo.

Hatua ya 1: kutoa fremu. Usianze alfajiri. Egesha gari juani nusu saa, vioo vimefungwa, plastiki ilegee kidogo. Ikiwa baridi itakatika. Ondoa waya wa hasi kwenye betri, maana nyuma ya dashibodi kuna nyaya za redio na swichi ambazo kila fundi aliyepita amezifunga kwa akili yake. Mulika kwanza. Fremu nyingine zimefungwa kwa skrubu zilizojificha, nyingine zimebanwa na klipu. Kubandua natumia mwanzi niliouchonga bapa, si bisibisi, kwa sababu chuma huacha kovu kwenye dashibodi.

Hatua ya 2: kuosha. Huku kwetu usiruke hapa. Kuanzia Juni mikorosho hupulizwa salfa kukinga ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu, na gari linalobeba mifuko hiyo hujaa unga wa njano mpaka ndani ya mifereji ya hewa. Usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa, utaumia macho. Salfa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo tia sabuni ya kutosha na usugue kwa mswaki. Piga picha kwa simu kabla hujatenganisha vibao, kisha viweke kwa mpangilio wake.

Hatua ya 3: kujua plastiki. Chukua kipande kilichovunjika, kipake sabuni kisinase viputo vya hewa, kitumbukize kwenye maji. Kikizama, mara nyingi ni ABS, aina ya plastiki ngumu, na supaglu itashika. Kikielea ni polipropilini, jamaa yake ndoo na viti vya plastiki, na supaglu itabanduka. Hiyo ichomelee kwa kuyeyusha plastiki ya aina yake yenyewe.

Hatua ya 4: kijino kipya. Hapa ndipo kazi ilipo. Sawazisha ncha ya kibao kwa msasa, weka alama katikati kabisa, kisha zungusha biti kwa vidole vyako. Drili ya umeme huyeyusha plastiki na tundu likaenda upande. Shuka milimita 5. Kwangua waya kwa msasa, dondoshea tone moja la supaglu, ingiza, acha milimita 3 nje. Kibao kikiwa chembamba, tumia waya mwembamba na biti inayolingana nao, la sivyo kitapasuka. Msumari usitie: kwa hewa yetu ya chumvi utavimba kutu. Shaba nayo huwa nyeusi ikikutana na salfa, ila haivimbi.

Kama tundu la fremu ndilo lililomeguka na plastiki ni ABS, bandika solotepu upande wa nyuma, jaza soda ya kuumulia keki (si magadi ya maharage!), dondoshea supaglu. Huganda papo hapo, hupata moto na kutoa moshi mkali, kwa hiyo fanyia nje huku ukiupa upepo mgongo. Kisha toboa upya.

Hatua ya 5: kurudisha. Panga vibao vyote kwanza kwenye fito inayovifanya vigeuke pamoja, ndipo uvipeleke kwenye fremu. Ukiingiza kimoja kimoja, cha mwisho kitakutoa jasho na utavunja cha kwanza. Tanua fremu kidogo tu. Kibao kikianguka chenyewe, waya umecheza kwenye tundu: uvishe mrija mwembamba unaosinyaa kwa moto, unapatikana maduka ya umeme. Pakaa grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mtama. Dizeli usiguse. Vijana wa kuosha magari huipaka dashibodi ing'ae, na wiki moja baadaye vumbi lote limeganda pale.

Rudisha waya wa betri, washa feni, shika karatasi ya chooni mbele ya tundu, geuza vibao. Karatasi ifuate.

Kishikio cha kugeuzia cha Corolla ile kilikuwa kimepotea kabisa. Nilimwomba mchongaji wa Kimakonde anichongee kingine kwa kipande cha mpingo kilichobaki, nikakitoboa na kukitia waya vilevile. Mzee alikigeuza mara kadhaa, akatazama upande wa abiria, akauliza kwa nini cha kule bado ni cha plastiki.